Mistari Arobaini ya Malkia Hunwen

Chuo kilipokubali, shingo upande, kwamba wasichana nao waruhusiwe kusikiliza mihadhara, kiliweka sharti moja: kila msichana aje na mwanamke mtu mzima wa kumlinda. Alindwe na nini, hapakuelezwa. Vijana wa kiume waliojaa mle ukumbini walikuwa na chunusi, mafua, na soksi zilizosahau sabuni, na msichana mwenye pua nzima hakuhitaji kuambiwa asiwasogelee. Lakini sharti ni sharti, na Sabina Ardley, binti wa mchungaji wa kijijini, hakuwa na mtu wa kumsindikiza ila shangazi yake, Bi. Keziah Stubbs.

Shangazi Keziah alikuwa mjane wa mtengeneza bia. Nyumbani kwa akina Ardley jambo hilo lilisemwa kwa kunong'ona, ingawa bia yenyewe ilinywewa bila aibu kila Krismasi. Alikuwa mnene, miguu yake ilivimba kila baridi ilipoingia, na alikuwa na mdomo ambao kaka yake mchungaji aliuombea kila Jumapili bila mafanikio. Alikubali kwenda mjini kwa sababu moja tu, kwamba kaka yake alikuwa amekataa.

"Baba yako akishasema hapana," alimwambia Sabina, "mimi miguu inaanza kuniwasha kwenda."

Mchungaji Ardley alilegea mwishoni, ila kwa masharti. Sabina angesoma mpaka mtihani wa Juni. Akipata daraja la kwanza, angekwenda kufundisha katika chuo kipya cha wasichana huko kaskazini, walikokuwa wamemwahidi nafasi. Akikosa, angerudi nyumbani aolewe na Bwana Pilling, msaidizi wa baba yake kanisani.

Bwana Pilling alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia na mbawakawa mia nane waliochomwa pini ndani ya visanduku vya kioo, na badala ya maneno ya mapenzi alikuwa amemwonyesha Sabina nafasi iliyobaki ukutani, kati ya sanduku na sanduku, ambapo wangeweka kiti chake cha kushonea. Sabina aliitazama nafasi ile akahisi pini inamwingia mgongoni. Tangu siku hiyo alisoma kama mtu anayekimbizwa.

Mhadhiri wao, Profesa Crowhurst, alikuwa wa kwanza pale chuoni kufundisha fasihi ya Kiingereza, na wenzake walikuwa wakimcheka. Wao walifundisha Kigiriki na Kilatini, na walisema vitabu vya Kiingereza ni vitu ambavyo mtu huvisoma akiwa ameloweka miguu. Ili kuwafunga midomo, Crowhurst aliapa kwamba darasani mwake hakuna mtu atakayefurahi, na kiapo hicho alikitimiza. Alichagua shairi moja la kale, la Kiingereza cha zamani ambacho hata mababu wa mababu hawakukielewa, akalifundisha mwaka mzima. Kila neno alilifukua, akalipima, akalilinganisha na binamu zake wa Kijerumani, kisha akalizika tena kwa heshima. Sabina alikuwa fundi wa mchezo huo. Angeweza kukutajia ukoo wa neno lolote mpaka kwa Nuhu.

Shangazi alikaa nyuma karibu na jiko la chuma, akifuma soksi. Siku ya kwanza Profesa alimwamkia mlangoni, naye hakuitikia kwa sababu alikuwa akihesabu vifundo. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma, akaamua kwamba mama yule ni kiziwi, na tangu hapo akamchukulia kama sehemu ya jiko.

Wiki ya tatu Shangazi akatangaza anarudi kwake.

"Sabina mwanangu, nimezika mume, nimezika mbwa wawili, lakini sijawahi kuhudhuria matanga marefu namna hii. Kesho nafunga sanduku langu."

"Shangazi, ukiondoka wewe na mimi nimekwisha! Bila mlinzi hawanipitishi hata mlangoni."

"Utaolewa na Pilling, basi. Ana meno yake yote."

"Shangazi!"

"Haya, haya. Hebu basi niambie, maana mzee yule haeleweki. Hilo shairi linahusu nini?"

Sabina akaanza kumweleza jinsi sauti za maneno zilivyobadilika katika karne ya nane.

"Sikukuuliza hayo. Nani anamtaka nani? Nani anamwonea nani?"

Sabina alikuwa analijua shairi lile mstari kwa mstari, na swali hilo hakuwahi kujiuliza. Aliona haya, akaenda kulisoma upya, na jioni ya pili, kwenye chai na mkate wa kubanika, akamsimulia shangazi yake kama anavyosimulia mtu habari za jirani.

Mfalme Osmer amekwenda vitani, majira matatu ya baridi yamepita bila salamu. Mkewe, Malkia Hunwen, amebaki ngomeni na vijakazi na wazee. Anakuja shujaa mmoja, Ethelmund, na watu mia nyuma yake. Anakaa kwenye kiti cha mfalme bila kukaribishwa, anakula nguruwe wa mfalme, anapangusia mikono kwenye pazia. Anatangaza kwamba kukicha atachukua ardhi, ngome na mwanamke. Malkia hasemi kitu. Anammiminia pombe ya asali, anatabasamu.

"Anatabasamu?" Shangazi akauliza, sindano zikasimama.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ee Mungu wangu. Huyo mwanaume kwisha habari yake. Enhe, halafu?"

Sanduku la Shangazi halikufungwa tena. Kila jioni alidai kipande chake, na kila jioni aliuliza kwa nini, na Sabina, aliyekuwa amefundishwa kujibu kila swali isipokuwa hilo, alilazimika kutafuta. Halafu wakafika kwenye nyota.

Kitabu cha mabinti kilikuwa kimehaririwa na Profesa Crowhurst, na baada ya mstari wa mia tatu hapakuwa na maneno. Palikuwa na safu ya vinyota, kisha shairi likaendelea kwenye mstari wa mia tatu arobaini na moja, alfajiri: Ethelmund anatoka ngomeni bila upanga, bila viatu, amejifunika ngozi ya kondoo, anakanyaga theluji na hageuki nyuma. Watu wake mia wanamfuata kimya. Hawarudi tena. Chini ya ukurasa Profesa alikuwa ameandika maelezo mafupi kwa ajili ya mabinti: *Shujaa alishikwa na homa.*

"Homa!" Shangazi alitupa soksi. "Watu mia wanaacha vita kwa sababu bwana mkubwa ana homa? Na upanga nao ulishikwa na homa? Kuna nini kwenye hizo nyota?"

"Sijui, Shangazi. Mambo yanayofaa wanaume tu."

Zamu ya mistari ile ilikuja mwezi wa Januari. Desturi ilijulikana: Profesa alikohoa mara mbili, akatoa saa yake ya mfukoni na kuikodolea kama vile ilimtukana. Hapo mabinti wote wanne, pamoja na walinzi wao, walitakiwa kuinuka na kwenda kutembea barazani mpaka waitwe. Waliinuka. Barazani maji yalikuwa yameganda kwenye mitaro, na Sabina alitembea huku na huku akipulizia vidole, moyo ukimwuma kwa hasira. Huko ndani vijana wenye soksi chafu walikuwa wanaambiwa jambo ambalo yeye alilihitaji kuliko wote, na wengi wao walikuwa wamesinzia.

Shangazi Keziah hakuinuka. Miguu ilikuwa imevimba, jiko lilikuwa na moto, na sharti la chuo halikusema lolote kuhusu wajane. Profesa alimtazama, akakumbuka kwamba ni kiziwi, akaendelea.

Jioni ile Shangazi aliingia chumbani mwao, akavua viatu kimoja kimoja, akadai chai kwanza.

"Kwanza kabisa, homa hakuna," akasema. "Yule bwana alikuwa buheri wa afya. Malkia alimwita chumbani kwake."

Sabina akaweka kikombe chini. "Alimwita mwenyewe?"

"Mwenyewe, na mshumaa mkononi. Akamwambia, shujaa halali na upanga, weka pale. Akauweka. Akamwambia, hizo nguo zako za chuma zitanitoboa shuka. Akazivua. Na viatu vina matope, je? Akavivua. Likaondoka hili, likaondoka lile, mpaka mwanaume akabaki kama alivyozaliwa, katikati ya chumba, na baridi yote ile. Hapo Profesa alikuwa anasoma amegeukia ubao."

"Halafu?"

"Halafu malkia akainua mshumaa. Akamtazama toka juu mpaka chini, akarudi toka chini mpaka juu, taratibu, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akacheka."

"Akacheka?"

"Akacheka. Basi. Vijakazi nje wakasikia, nao wakacheka. Mlinzi wa lango akacheka bila kujua anacheka nini. Yule bwana akanyakua ngozi ya kondoo kitandani, akatoka mbio."

Sabina alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Uso ulimwiva mpaka masikioni, na chini ya mikono ile alikuwa anacheka. Chuo kilikuwa kimedai mlinzi, na bila kujua kikawa kimemkaribisha kungwi.

"Na Profesa alielezaje?"

"Ah! Hapo ndipo niliposhika tama. Alisema malkia ni alfajiri. Shujaa ni majira ya baridi. Upanga ni barafu, viatu ni theluji, kitanda ni bahari, na kile kicheko ni ndege wa asubuhi. Vijana wakaandika yote." Shangazi akanyoosha miguu kwenye moto. "Kwa hiyo, mwanangu, ninyi mlitupwa nje mkagande ili msisikie habari za hali ya hewa."

Walicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha Shangazi akapangusa macho.

"Marehemu Stubbs nilimcheka namna hiyo mara moja tu. Alinyanyua mkono anipige, siku za mwanzo za ndoa, kalewa bia yake mwenyewe, suruali ikamdondoka. Nikacheka. Mkono haukunyanyuka tena maisha yake yote. Mwanamke akilia, mwanaume anajua la kufanya, au anadhani anajua. Akicheka, mwanaume hana silaha."

Sabina hakulala mapema. Alilisoma shairi lote upya, na lote likakaa mahali pake. Mwishoni kabisa kuna mistari ambamo watu wa mtoni wananong'ona Ethelmund anapopita, naye anabadilisha jina na kwenda kuishi ng'ambo. Crowhurst aliandika kwamba hilo ni jua kuzama. Sabina alikuwa ameinukuu kauli hiyo kwenye insha tatu, tena kwa mwandiko mzuri. Sasa aliona aibu, na aibu yenyewe haikutokana na yale aliyoambiwa na shangazi yake. Alikuwa amehesabu mifupa ya shairi kwa miezi yote hiyo bila kushuku kwamba lina roho.

Juni ikafika. Karatasi ya mtihani ilitungwa na mtahini mgeni, Dakta Lochrie, Mskoti kutoka chuo kingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba wasichana walipewa vinyota. Swali la tano liliuliza: *Eleza kwa nini Ethelmund anaondoka ngomeni bila silaha, na uonyeshe jinsi tukio hilo linavyoamua mwisho wa shairi.* Lilikuwa na alama nyingi kuliko yote.

Wasichana watatu wenzake waliandika homa, maana ndivyo walivyofundishwa, na mmoja akaongeza dalili zake kwa ufasaha.

Sabina aliuma kalamu. Akiandika homa, daraja la kwanza limekwenda, na kiti kinamngoja kati ya sanduku na sanduku. Akiandika ukweli, atakuwa amekiri kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba anajua jambo ambalo binti wa mchungaji hapaswi kulijua. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alirudishwa kwao kwa kukutwa na riwaya ya Kifaransa chini ya godoro, na kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, hazijachanwa kwa kisu; hata kuisoma alikuwa hajaisoma. Alimwogopa Crowhurst, alimwogopa baba yake, na akaona kwamba kuliko wote anawaogopa wale mbawakawa. Akachovya kalamu kwenye wino, akaandika: *Kwa sababu malkia alimcheka.* Kisha akaandika kurasa nne za ushahidi.

Wiki moja baadaye aliitwa kwenye mahojiano ya mdomo, peke yake kati ya mabinti wote. Alijua maana yake: swali la tano.

Mezani walikaa watu watatu: mwenyekiti, mzee sana, aliyekuwa akipigana na usingizi, Dakta Lochrie, mwenye nyusi za kutosha watu wawili, na Profesa Crowhurst, ambaye mbele yake karatasi ya Sabina ilikuwa imelala kifudifudi. Mwavuli wake ulikuwa umeegemezwa kwenye meza. Shangazi alikaa karibu na mlango, kama sharti lilivyotaka, na soksi yake.

"Bi. Ardley," Crowhurst akaanza, "jibu lako la swali la tano si sahihi."

"Si sahihi kwa vipi, Profesa?"

"Kwa sababu katika mistari ile malkia hafanyi... Yaani, shujaa anapokuwa ame... anapokuwa hana..." Akasita. Mbele yake alikuwa ameketi binti, na mbele ya binti mistari ile haitajwi. Akajaribu tena kwa upande mwingine, akakwama palepale. Akanywa maji. "Kwa kifupi, si sahihi."

"Mimi nimeliona sahihi," akasema Lochrie. "Nimeliona jibu bora kuliko yote niliyosahihisha, wanaume na wanawake. Ila niambie, Crowhurst, hawa mabinti wengine homa wameitoa wapi?"

Sabina akafungua kitabu, akakisukuma mbele ya Lochrie. Mskoti akaziangalia nyota, akayasoma maelezo ya chini, nyusi zikapanda.

"Umewafundisha homa, halafu ukaniacha niwatahini wasichokijua?"

"Nilikuwa nalinda adabu zao! Na huyu sasa, adabu zake ziko wapi?" Crowhurst akamgeukia Sabina, sauti ikitetemeka. "Nani alikuambia yaliyomo humo? Taja jina. Kama ni kijana wa darasani, ataondoka leo, na wewe utamfuata."

Sabina alisimama.

"Hakuna kijana, Profesa. Aliniambia mlinzi wangu. Yule ambaye chuo kilisema nisiingie bila yeye."

Wote watatu wakageuka kumtazama Shangazi Keziah. Hata mwenyekiti aliamka.

"Haiwezekani," akasema Crowhurst. "Yule ni kiziwi!"

"Nani kiziwi?" akauliza Shangazi.

Sindano zikaendelea kugongana.

"Bibi," Crowhurst akasema, akiwa amekunja ngumi juu ya karatasi, "hukuelewa ulichokisikia. Yale ni mafumbo. Malkia ni alfajiri. Kinachozungumzwa pale ni jua na majira, hakuna zaidi."

"Ndivyo ulivyosema, Profesa, nilikusikia vizuri. Ila nikajiuliza swali, mimi mjinga wa bia." Shangazi akaweka soksi magotini. "Kama ni jua tu, wasichana uliwatolea nini nje? Jua si wanaliona kila siku? Na kama si jua, basi mwanangu huyu kakosea wapi?"

Lochrie aliangalia dari. Mabega yalikuwa yakimtikisika. "Crowhurst, chagua moja," akasema. "Ama ni hali ya hewa, na ulipaswa kuwafundisha. Ama si hali ya hewa, na binti yuko sahihi. Ukitaka kumpinga, mpinge, ila itabidi uisome mistari yote, hapa, kwa sauti."

Profesa Crowhurst alisimama. Alimtazama Lochrie, akamtazama mwenyekiti, akamtazama Sabina, na mwishowe macho yake yakamwangukia Shangazi. Shangazi naye alimtazama. Alianza kwenye utosi wenye upara, akashuka taratibu kwenye joho, kwenye kiuno, mpaka kwenye viatu. Kisha akapanda tena, kifungo kwa kifungo, bila haraka.

Akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Lakini Lochrie alikisikia naye akashindwa kujizuia, na mwenyekiti, ambaye hakuwa amefuata hata neno moja tangu asubuhi, akacheka kwa kuona wenzake wanacheka. Crowhurst akakusanya joho lake, akaubamiza mlango akitoka, na nyayo zake zikasikika zikiharakisha barazani.

Sabina alibaki amesimama. Mistari ile arobaini alikuwa ameiandikia kurasa nne, na ndiyo kwanza ameisikia.

"Kuna chuo cha wasichana huko kaskazini kinachokungoja, nimeambiwa," Lochrie akasema, akipangusa macho kwa leso. "Nenda. Daraja litakufuata. Ila darasani mwako, bibie, nisisikie habari za nyota."

"Hutazisikia, Dakta," akasema Sabina.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Juni isiyoona haya. Sabina alisimama kizingitini, analia na kucheka kwa pamoja, anamwambia shangazi yake kwamba watalowa, na kwamba hajali. Akasikia kitu kikifunguka juu ya kichwa chake. Shangazi alikuwa ameshika mwavuli mweusi, mzuri, wenye mpini wa fedha.

"Shangazi! Huo si wa Profesa?"

"Kauacha mezani. Mwanaume akitoka mbio namna ile, huwa haangalii nyuma." Akamshika mkono, wakaingia mvuani. "Na tumtendee haki, mwanangu. Hali ya hewa nayo ilikuwamo."